Maganda Yaliyosuguliwa kwa Ukwaju

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, mchana, wakati mimi niko Misima kwenye hitima ya mke wangu. Nilikuwa nimeomba ruhusa. Mwenyekiti Dominiko alinipa ruhusa kwa mikono miwili, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu tangu nimjue hajawahi kumpa mtu kitu kwa mikono miwili.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Watu wakisikia nilikuwa klabu ya bunduki wanadhani nilikuwa mlinzi. Mlinzi ni Lekakeny. Mimi nilikuwa napanga maganda.

Klabu yetu ya shabaha ina chumba hapa Manundu, Korogwe, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiwanja cha kupigia kipo porini upande wa Handeni, ambako risasi ikipotea inapotelea kwenye kichuguu. Bunduki ikipigwa, kinachokwenda ni kichwa cha risasi. Ganda la shaba linabaki. Ganda hilo halitupwi. Linaokotwa, linatiwa fataki mpya kitakoni, baruti mpya tumboni, kichwa kipya mdomoni, linapigwa tena. Kibali cha kufanya hivyo tunacho, kipo ukutani ndani ya kioo, na nyuma yake anaishi mjusi ambaye ndiye mwanachama wa siku nyingi kuliko wote.

Sasa, maganda hayafanani. Kwa macho utasema ni mapacha, lakini hili ni la kiwanda hiki, lile la kiwanda kile. Hili limepigwa mara moja, lile limepigwa mpaka limechoka. Moja zito, jingine jepesi kidogo tu, wala mkono usiozoea hauhisi. Ukiyachanganya, risasi ya kwanza inakwenda kwenye jicho la shabaha na ya pili inakwenda kusalimia jirani. Mama yangu akichagua mbegu ya mahindi alikuwa anachukua punje za katikati ya gunzi, za ncha na za kitako anawaachia kuku. Kazi yangu ni hiyohiyo, ila bila kuku.

Alinifundisha Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, marehemu sasa. Kiswahili cha kufundishia hakuwa nacho, alikuwa nacho cha kufokea, akanifokea mpaka nikaelewa. Unasoma kitako, ujue kiwanda. Unaingiza ndani ya ganda waya uliopindwa ncha, mimi natumia spoku ya baiskeli, unakwaruza pole pole kuelekea kitakoni. Ukihisi mfereji, ganda hilo limeanza kukatika kwa ndani, liponde, litupe. Unaliviringisha juu ya kioo, kama shingo imepinda litayumba kama mlevi. Unalipima kwenye mizani. Halafu unalitia kwenye kopo pamoja na wenzake, na halihami kopo mpaka linakufa.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo makopo sikuyaandika. Kila moja nililifunga kamba ya ukili wa rangi yake, ukili uliobaki wa mke wangu, Mwanaisha, aliokuwa akipaka rangi kwa ajili ya mikeka. Nyekundu, kijani, zambarau. Kopo la zambarau lilikuwa la binti yetu, Yusra.

Yusra alijifunza bunduki JKT. Aliporudi Manundu akawa anatengeneza simu za watu, na siku za kiwanja anapiga shabaha. Sisemi kwa sababu ni wangu. Akilala kifudifudi, matundu yake yote kwenye karatasi unayafunika kwa kisahani cha chai, na shabaha yenyewe iko mbali kiasi kwamba mimi naiona kama stempu. Wiki iliyofuata hitima palikuwa na mchujo wa kanda, kiwanjani kwetu Handeni. Mwanamke mmoja tu angechukuliwa kwenda kambi ya timu Dar es Salaam. Mwakani Yusra angekuwa ameshapita umri. Begi alikuwa ameshanunua.

Basi, nikarudi Ijumaa asubuhi. Kabla sijafungua mlango wa klabu nikasikia harufu ya juisi ya ukwaju. Nikadhani Lekakeny ameanza biashara.

Mezani hapakuwa na kopo hata moja. Palikuwa na beseni kubwa, la aina ile ya kuoshea sufuria za shughuli, limejaa maganda mpaka juu, yanang'aa kama meno ya dhahabu. Yote pamoja. Mapya na mazee, ya Yusra na ya wale wastaafu wanaopiga bunduki kwa sababu daktari amewakataza sigara.

Mwenyekiti akaingia nyuma yangu, anafuta miwani. Dominiko ni mwenyekiti wa klabu, ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Huku kwetu viti ni vingi, anayevikalia ni mmoja.

"Mzee Sadala, pole na safari. Umeona?"

"Nimeona, Mwenyekiti."

"Sema neno basi."

"Nani kayachanganya?"

"Kayachanganya nini? Yamesafishwa! Mgeni wetu kutoka mkoani kasimama hapo ulipo, kapiga picha ameshika beseni. Anasema hajaona klabu safi kama hii. Wewe miaka yote umekaa na makopo meusi kama ya lami."

"Yalikuwa yamepangwa."

"Yalikuwa na kutu."

"Shaba haishiki kutu."

"Ona sasa, ananifundisha." Akacheka, akanigonga begani. "Panga tena, mzee wangu. Si ndiyo kazi yako? Kungekuwa hakuna cha kupanga tungekuweka hapa kwa lipi?"

Nikamuuliza zile kamba za ukili ziko wapi.

"Takataka zile? Zamda kawashia moto."

Nikasema sawa. Halafu nikamuuliza, moto wa nini.

"Wa kukaushia," akasema, na akatoka kwenda kwenye kikao kingine.

Nikabaki na beseni. Nikachukua ganda moja nikalinusa. Ukwaju. Nikalirudisha, nikafunga mlango, nikaenda kwa Zamda.

Zamda anapika chakula hatua chache kutoka klabu, chini ya turubai la bluu. Ni wa ukoo wa marehemu mke wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na ana haki ya kunitania hata nikiwa nimetoka makaburini. Nilimkuta anachambua mchele.

"Karibu shemeji! Umekuja kunishukuru au umekuja kula? Maana uso wako haujasema."

"Nimekuja kuuliza."

"Kwanza sema ukweli. Umewahi kuona shaba inang'aa vile? Nimewapanga wanawake wanne, ukwaju ndoo nzima, jivu, tunasugua tunaimba kama tunapeleka biharusi. Dada yangu Mwanaisha, Mungu amrehemu, angekuwepo angelia kwa furaha. Yule alikuwa anasugua hata birika la udhu mpaka unajiona meno."

"Mlikausha wapi?"

"Jua lenyewe halikuwepo, wingu tupu. Na Mwenyekiti kasimama kichwani, mgeni yuko njiani, mgeni yuko njiani. Nikasema basi leteni bati. Tukaweka bati juu ya mafiga, mkaa chini, maganda juu."

"Mkaa mwingi?"

"Shemeji, mimi nimewahi kupika kwa mkaa kidogo?"

"Yalibadilika rangi?"

"Mengine. Yakawa kama shingo ya njiwa, bluu bluu, zambarau zambarau. Mazuri kweli. Mwenyekiti akasema hapana, mgeni atadhani yameungua. Tukayasugua tena na jivu, yakarudi kama wenzake."

"Yapi?"

"Yapi nini?"

"Yapi yalibadilika rangi."

Akaweka ungo chini. "Shemeji Sadala. Nikikupikia wali sufuria la harusi, utakuja kuniuliza punje ipi iliungua?"

"Ukoko unajulikana."

"Ukoko unajulikana kwa sababu unabaki chini. Haya tuliyakoroga."

Hana kosa, Zamda. Aliambiwa asafishe, akasafisha. Aliyemwambia ndiye aliyekuwa na miwani.

Hapa nieleze, ingawa nilipomweleza Mwenyekiti alipiga miayo. Ganda la risasi shingo yake inatakiwa iwe laini na kitako kiwe kigumu. Baruti ikilipuka, kitako ndicho kinachobeba kishindo chote. Nyuma ya kitako kuna kipande cha chuma, na nyuma ya chuma kuna shavu la mpigaji. Mgiriki alipotaka kulainisha shingo kwa moto aliyasimamisha maganda kwenye sinia la maji, maji yafike nusu, ili joto lisishuke. Siku moja ganda moja lilidondoka nje ya maji, moto ukalipitia lote. Akalirusha ukutani kama mtu aliyeshika nyoka. Moto ukifika kitakoni shaba inalegea, na ikishalegea hairudi. Kinachokuonyesha ni rangi. Na rangi walikuwa wameisugua.

Nilirudi nikaanza kupanga, kwa sababu mtu akiwa hajui la kufanya anafanya analolijua. Nikatoa kwanza yale ya bunduki ya Yusra, nikayatenga kwa viwanda. Spoku ndani ya kila moja. Kioo. Ikabaki mizani. Mizani ya klabu ilikuwa kwa Mwenyekiti, mkewe anapimia iliki.

Jumamosi nikayatia kwenye mfuko wa salfeti, nikapanda basi la Handeni. Pale sokoni yupo Ukasha, kijana anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, ana mizani ndani ya kisanduku cha kioo, ukiipumulia tu inaandika. Aliniona nafungua mfuko akasimama. Alipoona kilichomo akakaa.

"Shikamoo mzee. Dhahabu yako ina tundu katikati."

"Marahaba. Nataka kupima haya."

"Yote?"

"Yote."

"Mzee, mteja akiingia akakuta napima maganda ya risasi atajua bei ya leo si ya maelewano." Lakini akanivutia kiti.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Nilipomaliza nilikuwa na fungu moja zuri kuliko hata lile la kopo la zambarau. Kiwanda kimoja, uzito mmoja, shingo zimenyooka, spoku haihisi kitu. Miaka yote ya kupanga sikuwahi kupata fungu kama lile. Kama nisingekuwa nimeongea na Zamda ningerudi Korogwe naimba.

Nikamuuliza Ukasha, yeye mtu wa madini, kama kuna namna ya kujua shaba iliyopitiwa na moto.

"Ipo. Igonge nyundo. Ngumu inakataa, laini inakubali."

"Nikiigonga nyundo haijazwi tena."

"Ndiyo hivyo, mzee. Utaijua, lakini hutakuwa nayo."

Tukajaribu moja hata hivyo. Akaliweka juu ya jiwe lake, akagonga. Likakataa kidogo, halafu likakubali.

"Sasa hilo ni lipi?" nikauliza.

Ukasha akaligeuza geuza. "Hilo," akasema, "ni la katikati." Akaniagizia chai.

Jumatatu nikamwambia Mwenyekiti kwamba maganda yote ya beseni yapondwe. Akaniuliza kama naumwa. Risasi mpya, akasema, zimeagizwa na zimefika bandarini, ila kuna muhuri mmoja haujapigwa, anayeupiga yuko likizo. Mchujo ni Jumamosi. Klabu ndiyo mwenyeji. Mwenyeji akose risasi?

"Tuazime kwa wageni," nikasema.

"Bunduki zao si saizi yetu, wewe unajua. Unataka kuvaa kiatu cha mtu?"

Akamwita fundi wa bunduki kutoka Tanga. Fundi akaja Jumanne, mtu mpole, mkoba mzuri, lenzi jichoni. Akatazama ganda moja moja kutoka fungu langu zuri, akayarudisha kwa mpangilio, akanawa mikono.

"Kwa macho ni mazuri," akasema.

"Kwa macho," nikasema.

"Mzee wangu, mimi sina kingine cha kutazamia."

"Umesikia?" Mwenyekiti akasema. "Fundi kasema ni salama."

Fundi hakusema salama. Mimi nilikuwepo. Lakini Mwenyekiti akishasikia jambo huwa limeshasemwa.

Neno hilo, salama, nalijua. Mwanaisha alipozidiwa, nilikwenda kwa huyuhuyu Dominiko, kiti chake wakati ule kikiwa cha zahanati. Akaniambia nisihangaike kutafuta gari la kukodi, mgonjwa yuko mahali salama, gari la kumpeleka hospitali kubwa liko njiani. Nikakaa kwenye benchi nikasubiri, kwa sababu aliyesema ni mwenyekiti na mimi ni mtu wa darasa la nne. Gari lilikuwa njiani. Nadhani mpaka leo liko njiani.

Nikasema sijazi risasi yoyote kwa maganda yale.

"Hakuna shida," Mwenyekiti akasema. "Iddy atajaza."

Iddy ni karani wa klabu. Mashine ya kujazia anaijua, ni mkono wa chuma tu, unavuta unashusha. Kijana hana neno. Akaambiwa aje Alhamisi.

Jioni nikamweleza Yusra. Alikuwa ameketi barazani na simu ya mtu imefunguliwa tumbo mapajani. Hakuinua kichwa mpaka nikamaliza.

"Baba, yaliyopata moto ni mangapi?"

"Sijui."

"Nusu?"

"Sijui, mwanangu."

"Labda matatu tu. Labda hamna hata moja kwenye hilo fungu langu. Umesema limekaa vizuri kuliko yote."

"Limekaa vizuri kwa uzito. Moto haupunguzi uzito."

"Na fundi katazama."

"Katazama."

"Basi nitapiga."

Akaweka bisibisi chini.

"Baba, kila siku napanda bodaboda. Breki zake nazijua? Napanda tu. Naenda."

"Bodaboda huiweki shavuni."

"Mwaka huu nikikosa ndiyo basi. Mwakani ntakuwa nafungua simu hapa hapa, na mwaka wa pili yake. Wewe unataka nifungue simu?"

"Nataka uwe na macho mawili ya kuzifungulia."

Akacheka kidogo, cheko la mama yake, lile la kukuambia umeshindwa lakini hatakuaibisha. "Shauri yako, baba. Mimi Jumamosi nitapiga. Iddy akijaza, nitapiga."

Nikamwangalia anarudisha vidude vya simu mahali pake, kila kimoja kwenye tundu lake, bila kukosea.

Alhamisi nilifika klabu jua limeshatoka, watu wanapita na vitumbua. Sikufanya kwa kificho. Tuna kipande cha reli pale uani, kilikuja kabla yangu, kinatumika kunyooshea nondo. Nikatoa beseni nje. Nikaweka ganda la kwanza juu ya reli, nikalipiga nyundo mpaka likawa kama ganda la kunde lililokanyagwa. Nikaweka la pili.

Lekakeny akaja na kikombe cha chai, fimbo kwapani. Akasimama pale muda.

"Mzee Sadala, unafanya nini?"

"Napanga."

"Unapanga na nyundo?"

"Ndiyo."

Akanywa chai. "Mwenyekiti amekuambia?"

"Mwenyekiti aliniambia panga tena."

Lekakeny akafikiri. Ni mtu wa ng'ombe, anajua mnyama mgonjwa akishaingia kundini hakuna wa kumtambua kwa macho. Hakusema hivyo lakini. Alichosema ni, "Mimi sijaona kitu, niko getini," akaenda getini, akageuza kiti chake kikatazama barabara.

Niliyaponda yote. La Yusra na la wastaafu, la kiwanda hiki na la kile. Fungu langu zuri nililiacha mwisho, halafu nalo nikaliponda. Nilipomaliza hapakuwa na haja ya spoku wala mizani. Kwa mara ya kwanza maganda yote ya klabu yalikuwa yanalingana.

Iddy alipofika akanikuta nimekaa juu ya reli. Akatazama beseni, akanitazama mimi, akasema, "Shikamoo," akageuka akarudi kwao. Kijana ana akili kuliko cheo chake.

Mwenyekiti yeye alikuja na wajumbe. Wakaniita ndani, wakakaa wote, mimi nikaachwa nimesimama kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Mjumbe mmoja akauliza kama nina uthibitisho kwamba maganda yalikuwa mabovu. Nikamwambia naye hana uthibitisho kwamba yalikuwa mazima. Akasema hiyo siyo hoja. Mwingine akasema huyu mzee amechanganyikiwa tangu afiwe, aonewe huruma. Mwenyekiti akasema huruma itakuwepo ila kwanza kikao. Wakaamua kunipumzisha. Nilipouliza napumzika mpaka lini, wakasema nitajulishwa.

Kuhusu ukwaju, bati na mkaa hapakuwa na ajenda.

Jumamosi mchujo ulifanyika. Klabu yetu, mwenyeji, haikupiga risasi hata moja. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuhusu usafi wa mazingira ya michezo. Yusra alikwenda, nilidhani hatakwenda. Walimpa kazi ya kubadilisha karatasi za shabaha. Alivaa zile nguo alizozinunulia mchujo, suruali ya kaki na viatu vya kamba, akawa anatembea kwenda na kurudi kwenye vumbi, anabandua karatasi za wenzake na kuzileta mezani. Aliyechukua nafasi ni msichana wa Tanga. Niliiona karatasi yake ya mwisho, Yusra kaishika mbele yangu makusudi. Matundu yake yalihitaji sinia, siyo kisahani. Yusra akipiga vile huwa ana malaria.

Tulirudi Korogwe kwa basi moja, viti viwili tofauti.

Wiki iliyofuata muhuri ukapigwa. Risasi mpya zikafika Manundu, masanduku kwa masanduku, zinanuka mafuta. Mwenyekiti akapiga nazo picha.

Nikamwambia Yusra kwamba ameona mwenyewe, lawama ziende zinakostahili. Nani aliita wanawake na ukwaju? Nani alichoma kamba za mama yake? Nani aliacha muhuri ukaenda likizo? Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga, nilikuwa nimepanga, ningeachwa na makopo yangu leo angekuwa kambini anakula nyama. Nikamwambia akitaka kumkasirikia mtu, Dominiko anapatikana, ana ofisi mbili.

Alikuwa anafua. Alisikiliza yote, anakamua shuka, anakung'uta, anaanika. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye khanga, akaja akachuchumaa mbele yangu kama wakati ule mdogo akitaka kunitoa mwiba.

"Baba, sijaja kuuliza ya Mwenyekiti."

"Basi uliza lako."

"Lile fungu langu. Lile la mwisho."

"Nimeshakuambia, moto hauonekani."

"Hauonekani kwa macho. Lakini wewe ulishika nyundo. Uliyagonga moja moja, mkono wako huohuo uliokuwa unaujua uzito wa ganda kabla ya mizani."

Nikamwambia mtu akigonga kwa hasira kila kitu ni laini. Nikamwambia jua lilikuwa kali. Nikamwambia akamuulize Mwenyekiti, yeye ndiye mwenye kujua kila kitu.

"Mwenyekiti hakushika nyundo," Yusra akasema. "Nakuuliza wewe, baba. Yalikuwa laini, au yalikuwa magumu?"